Jina Moja Lisitangazwe Mara Mbili

Tangu Masha, iliyo kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Kikagati, hadi katika kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, wamezuka vijana ambao hawaridhiki kuitumia kompyuta kama wanavyoitumia makarani, kwa kuchapa barua na kupanga hesabu katika majedwali, ila wanataka kujua namna ya kuiamrisha kwa lugha yake yenyewe. Na kwa sababu lugha iliyo karibu nao kuliko zote ni JavaScript, ambayo hainunuliwi wala haihitaji kusakinishwa, maadamu kila kivinjari cha simu na cha kompyuta kinaifahamu tayari, aghalabu huanzia hapo. Uchaguzi huo nauona kuwa wa busara. Ninachokilalamikia ni kitu kimoja kidogo kilichomo katika masomo ya zamani ambayo bado yanapita mkononi mwa wanafunzi, mengi yakiwa yameandikwa kabla ya mwaka 2015: neno var, ambalo hutumika kutangazia jina jipya, na ambalo lina hulka ya kukubali jina lile lile litangazwe mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi, mahali pale pale, pasipo mashine kunong'ona lolote.

Kwa msomaji ambaye taaluma hii si yake, yafaa kueleza kwanza. Mwandishi wa programu huweka thamani zake, ziwe hesabu au maneno, katika nafasi za kumbukumbu ya mashine, na kila nafasi huipa jina ili aweze kuirudia. Nafasi hiyo yenye jina huitwa kigeu. Kukitangaza kigeu ni kuiarifu mashine kwamba jina hili sasa lipo. Kukipa thamani nyingine baadaye ni jambo mbali kabisa, halali na la kila dakika. Eneo la programu ambamo jina linatambulikana ndiyo mawanda yake. Sasa mtu akisema kwamba jumla ipo, kisha mistari mingi mbele, ndani ya mawanda yale yale, akasema upya kwamba jumla ipo, basi ama amesahau kuwa alikwisha kulitangaza jina hilo, ama amekusudia kitu kingine na majina yamemgongana, ama amenakili kipande kutoka programu nyingine bila kukisoma. Katika hali zote hizo yapo maneno ya kumwambia, na aliye katika nafasi nzuri ya kuyasema ni mashine, kwa kuwa ndiyo inayousoma kila mstari na haichoki.

Tuitazame kwa karibu programu moja ndogo, ya namna ambayo mwanafunzi wa Nakivale angeweza kuiandika katika mwezi wake wa kwanza. Makazi yana kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na kila kanda ina vijiji vyake. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kila moja ina vijiji vitano. Mwanafunzi anataka kujumlisha kaya zote. Anaandika mzunguko wa nje unaopita kanda kwa kanda, ukihesabiwa kwa kigeu alichokiita i, kikianza sifuri na kuendelea maadamu ni chini ya tatu; na ndani yake anaandika mzunguko wa pili unaopita kijiji kwa kijiji, ukianza sifuri na kuendelea maadamu hesabu ni chini ya idadi ya vijiji vya kanda hiyo, yaani tano, na kwa kuwa kila somo alilolisoma linaita kihesabio cha mzunguko kwa herufi i, naye anakiita i vilevile, akakitangaza kwa var. Anaiendesha programu. Mashine inampa jibu papo hapo, nambari safi isiyo na doa, wala hakuna maandishi mekundu yanayomkemea.

Jibu hilo ni la Base Camp peke yake. Kwa kuwa var haiheshimu mipaka ya mzunguko, na mawanda yake ni funksheni nzima, yaani kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake kufanya kazi fulani, au programu nzima ikiwa hakuna funksheni, zile i mbili ni kitu kimoja. Mzunguko wa ndani umekiacha kihesabio kikiwa tano, wa nje umeongeza moja kikawa sita, na sita si chini ya tatu, basi kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Juru na Rubondo hazikuguswa hata kidogo. La ajabu zaidi ni kwamba lau kila kanda ingekuwa na kijiji kimoja tu, programu hiyo hiyo, bila kubadilishwa herufi, isingemalizika abadani, maana mzunguko wa ndani ungekuwa ukikirudisha kihesabio nyuma kila mara wa nje unapokisogeza mbele, na mwanafunzi angeketi mbele ya skrini iliyoganda akidhani kwamba kompyuta imeharibika. Yaani kosa moja lina sura mbili zisizofanana, na ni takwimu zilizoingizwa ndizo zinazoamua ni sura ipi itakayoonekana siku hiyo. Kwa maoni yangu ile sura ya kuganda ni afadhali, kwani inaudhi, na mtu aliyeudhika hutafuta sababu. Nambari safi hupelekwa moja kwa moja kwenye ripoti.

Mwanafunzi huyo angeandika let mahali pa var, kila mzunguko ungekuwa na i yake, kwa kuwa let inatambua mipaka ya kila kizuio cha mabano, na kanda zote tatu zingehesabiwa. Na angejaribu kulitangaza jina jumla mara mbili kwa let katika mawanda yale yale, programu isingeanza kabisa: mashine huisoma faili nzima kabla ya kutekeleza mstari wa kwanza, ikaliona jina limerudiwa, ikakataa, ikitaja kwamba jumla limekwisha kutangazwa na kuonyesha nambari ya mstari. Hapana nusu ya kazi iliyofanyika na nusu iliyoachwa, wala hapana takwimu iliyoandikwa juu ya nyingine.

Wapo wanaodhani kwamba kutangaza mara ya pili kwa var hufuta kilichokuwamo, na laiti ingekuwa hivyo, angalau tungekuwa na kanuni moja ya kukariri. Lakini ukiandika var jumla ukaipa elfu tano, kisha ukaandika var jumla bila kuipa kitu, na kuiuliza mashine jumla ni ngapi, itakujibu elfu tano. Tangazo la pili limepita kama upepo. Ukiandika tangazo lile la pili pamoja na sifuri, elfu tano imekwenda. Tangazo hilo hilo, katika hali moja halina athari yoyote, na katika hali nyingine linaangamiza hesabu ya siku nzima, na tofauti baina yao ni alama ya usawa na tarakimu moja. Mtu anayetetea tabia hii kwa kusema kwamba fundi makini haikosi njia, simpingi. Nasema tu kwamba fundi makini hakuwa ndiye aliyehitaji msaada.

Asili ya jambo hili inajulikana. Mwezi Mei mwaka 1995 Brendan Eich, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya Netscape, aliiunda lugha hiyo kwa siku kumi, akiharakishwa na wakubwa waliotaka kuwahi soko la vivinjari, na katika haraka ile akaipa upole mwingi kwa watu wasio mafundi, wenye kubandika vipande vya programu katika kurasa zao. Na upole ukazidi kipimo. Kufikia wakati ambapo kasoro zilidhihirika, kurasa zilizoandikwa kwa var zilikuwa zimeenea duniani kote, na kamati ya shirika la viwango la Ecma inayoisimamia lugha haikuweza kuirekebisha var bila kuzivunja. Hata ule utaratibu mkali ulioletwa mwaka 2009, ambao mwandishi huuwasha kwa tamko moja juu ya faili, na ambao unamzuia kutumia jina lisilotangazwa, uliliacha tangazo la mara mbili la var kama lilivyo. Dawa ilipatikana Juni 2015 kwa kuongeza maneno mapya mawili pembeni ya lile la zamani: let kwa kigeu kitakachobadilishwa thamani, na const kwa kile ambacho hakitapewa thamani nyingine. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu hapo, na bado matokeo ya siku kumi za Mei 1995 yanafika katika darasa la Nakivale, kwa sababu somo la zamani halina tarehe ya kuoza.

Haikuwa lazima iwe hivyo, kwani suala lenyewe lilikuwa limeamuliwa zamani. Wataalamu 13 wa Ulaya na Marekani waliokutana Paris Januari 1960, wakatoa ripoti ya lugha ya ALGOL 60 iliyohaririwa na Peter Naur, waliweka kanuni ya kwamba jina lisitangazwe zaidi ya mara moja katika kichwa cha kizuio kimoja; na hiyo ni miaka ile ile ambayo wakimbizi wa mwanzo kutoka Rwanda walikuwa wakipokelewa kandokando ya ziwa Nakivale, hivi kwamba kanuni na makazi vinakaribia kuwa marika. Lugha zilizofuata nyayo hizo, kama C na Java, zimelikataa tangazo la pili ndani ya funksheni, na Java ikaenda mbali zaidi, hata katika mzunguko wa ndani hairuhusu jina la kigeu cha mzunguko wa nje lirudiwe. Programu ya kanda tatu, kwa Java, isingepita mlangoni.

Nitakuwa sikufanya insafu nikiacha kutaja lugha zenye heshima ambazo zinaruhusu kile ninachokikataza. Rust, iliyotolewa rasmi kwa toleo lake la kwanza Mei 2015, humpa mwandishi ruhusa ya kulitangaza jina upya katika mawanda yale yale, na mafundi wake wanalitumia jambo hilo kwa makusudi na kwa fahari: wamepokea umri wa mtu ukiwa maandishi, wameugeuza kuwa nambari, na hawaoni sababu ya kubuni jina la pili ilhali ni umri ule ule katika vazi jipya. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali kwa lugha hiyo. Lakini hebu tutazame walinzi wanaosimama pembeni. Katika Rust kigeu hakibadiliki thamani isipokuwa mwandishi ameomba hivyo waziwazi. Aina ya kila thamani hukaguliwa kabla ya kuendeshwa. Na tangazo la kwanza likifunikwa kabla halijatumika, kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha hiyo kwa mashine, hulalamika kwamba kuna kitu kimewekwa na hakikuguswa. Ruhusa imetolewa ndani ya nyumba yenye milango. Ruhusa ya var imetolewa uwanjani.

Go nayo, iliyotangazwa na Google Novemba 2009 kwa kazi ya Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, ilitafuta njia ya katikati. Alama yake fupi ya kutangazia hukubali jina la zamani mradi upande wa kushoto liwepo angalau jina moja jipya. Likikosekana, kompaila hukataa. Jina la zamani katika hali hiyo hupewa thamani mpya tu, halizaliwi upya. Wanaoitumia wanaipenda kwa sababu inawapunguzia maandishi wanapopokea makosa kutoka hatua moja hadi nyingine chini ya jina lile lile. Binafsi naiona kuwa ni werevu uliopindukia, kwa kuwa alama hiyo hiyo, ikihamia ndani ya kizuio, huzaa kigeu kipya chenye jina la kile cha nje, na mtu aliyedhani kwamba ameweka kosa mahali pa kuonekana hukuta baadaye kwamba aliliweka ndani ya chumba ambacho kimekwisha kufungwa. Ila Go hufundishwa kwa watu waliokwisha kujua lugha nyingine, na mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari zake.

Na Python? Wapo walimu wengi, Mbarara na kwingineko, watakaoniambia kwamba lugha hiyo ya Guido van Rossum haina tangazo la kigeu hata moja, kwamba jina huzaliwa linapopewa thamani, na kwamba watoto wanajifunza nayo bila madhara. Bila madhara, hapana: mtoto anayekusudia kuandika jumla akaandika jumal amezaa kigeu cha pili bila kujua, na funksheni mbili zenye jina moja katika faili moja humaanisha kwamba ya mwisho imeimeza ya kwanza kimya kimya. Lakini sitaki kupanua kesi. Python haina kitu kinachoitwa kutangaza kigeu, basi haiwezi kumdanganya mtu kwamba tangazo lake limesikika.

Wakazi wa Nakivale hawana haja ya kufafanuliwa sana uzito wa kuandikwa mara mbili katika daftari moja. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, waliendesha uhakiki wa wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na picha ya jicho, baada ya shaka kuzuka juu ya idadi iliyokuwa ikitajwa. Kazi ilianza Machi na kumalizika Oktoba, na hesabu ya takriban watu milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Ni dhuluma kuihesabu tofauti ile yote kuwa ni hila ya wakimbizi, kwa sababu wapo waliorejea makwao na waliohamia mijini bila majina yao kuondolewa. Lakini miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa lilikuwamo hilo la mtu mmoja kuandikwa zaidi ya mara moja, na bei ya kulitambua baadaye, badala ya kulitambua pale dirishani siku ya kwanza, ilikuwa ni kuwapanga foleni watu zaidi ya milioni moja, wazee na wajawazito na wagonjwa, ili wahesabiwe upya. Mfano huu usivutwe kupita kadiri yake. Katika makazi watu wawili huweza kuwa na jina moja kwa haki kabisa, ndiyo maana daftari linategemea nambari na vidole. Ndani ya mawanda ya programu jina ndilo nambari, ndilo vidole, na hakuna kingine cha kutofautishia.

Narudi kwa mwanafunzi, maana ni kwa ajili yake ninaandika. Yule anayesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, akipata jibu la uongo ana mhadhiri wa kumwendea, ana wenzake wa mwaka wa tatu, ana mtandao wa kudumu na saa za kutosha za umeme. Mwenzake wa Rubondo anajifunza kwa simu, au kwa kompyuta ambayo inasubiriwa na wengine nyuma ya kiti chake, na muda wake ukiisha umekwisha. Huyu hawezi kumudu saa tatu za kutafuta kosa ambalo mashine ililiona na kulinyamazia. Kwake yeye, ile sentensi ya kukataa, pamoja na nambari ya mstari, ndiye ndugu mkubwa ambaye hakuwapo darasani. Na ni jambo la kusikitisha kwamba tunamfundisha kwa neno lile pekee la kutangazia vigeu katika lugha ile ambalo limeazimia kutomsemesha.

Nimewahi kusikia hoja ya kwamba mwanafunzi mgeni hutishwa na maandishi mekundu, akakata tamaa, na hivyo ni huruma kumwacha aendelee na var mpaka azoee. Hoja hiyo imetoka kwa watu wema, lakini nadhani imekosea mahali inapoiona hofu. Anachokiogopa mwanafunzi ni maandishi asiyoyafahamu, yaliyo katika Kiingereza, naye huenda alisoma kwa Kifaransa huko Bukavu au Bujumbura, na nyumbani na sokoni anazungumza Kiswahili. Tiba yake ni kuyafafanua. Ujumbe wa makosa anaokutana nao mwanzoni hauzidi mafungu machache: jina limekwisha kutangazwa, jina halijulikani, mabano hayakufungwa, kitu ulichokiita kama funksheni si funksheni, na mengine kama hayo, ambayo mwalimu anaweza kuyaandika kwa Kiingereza yalivyo, na chini yake maana kwa Kiswahili fasaha pamoja na mfano wa mistari miwili, akayabandika ukutani, na katika wiki ya pili akawaagiza wanafunzi wenyewe wayasababishe kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, ili wakiyaona baadaye yasiwe mageni. Na kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe katika shule za nchi hii, sioni kwa nini wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mbarara wasiifanye kazi ya kuandaa karatasi hiyo na kuigawa, badala ya kila mwalimu kujitafutia maneno yake gizani.

Kwa walimu, basi, ninalolipendekeza ni kwamba const ifundishwe kwanza, let ifuate pale ambapo kigeu kitabadilishwa, na var itajwe siku moja tu, mwishoni, ili mwanafunzi aweze kuisoma anapoikuta katika kazi za watu wengine. Mtihani ukiwekwa, mwanafunzi aliyeandika let mahali ambapo kitabu cha mwalimu kina var asikatwe alama. Utaratibu wa kwamba jibu lazima lifanane na kitabu umetugharimu katika masomo mengi, na hapa unamwadhibu mtu kwa kuwa sahihi zaidi kuliko kitabu.

Masomo ya zamani nayo hayahitaji kutupwa. Faili ya zoezi lililoandikwa kwa var ifunguliwe, kila var igeuzwe kuwa let, na iendeshwe. Kama ndani yake jina lilirudiwa katika mawanda yale yale, haitaanza, na mashine itaonyesha mstari. Hiyo inahusu hata jina lililopokewa na funksheni kama kiingizwa, kisha likatangazwa tena ndani yake. Kama jina lilitangazwa ndani ya kizuio likatumiwa nje, programu itaanza lakini itasimama njiani na kusema kwamba jina halijulikani. Mazoezi mengi yatapita salama, na yale machache yatakayokwama ndiyo yenye faida ya kujadiliwa darasani, kwa sababu kila moja linaficha swali la kweli: mwandishi alikusudia kigeu kimoja au viwili? Hadhari ni moja tu. Jaribio hili lisifanywe katika dirisha la majaribio la kivinjari, kwa kuwa tangu mwaka 2020 Chrome huruhusu humo jina la let litangazwe upya, ili kumrahisishia fundi anayerudia kuandika mstari ule ule, na mwanafunzi akijaribu hapo ataona limekubaliwa, aje kusema kwamba mwalimu ameongopa. Iandikwe katika faili, ihifadhiwe, ndipo ifunguliwe kwa kivinjari.